Diski ya Mama

Ukihama Nairobi, kinachokutesa si mizigo, ni milango. Sofa iliyokaa vizuri Umoja inafika Pipeline na kukwama kwenye ngazi. Sofa ni ile ile. Nyumba ndiyo nyingine.

Kuhamisha diski ya mashine pepe ni hivyo hivyo. Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, na diski yake, pamoja na Windows, programu na takataka zote, mara nyingi ni faili moja unayoweza kuibeba kwa flashi. Kila nyumba ina aina yake ya faili: VMware hutumia VMDK, VirtualBox VDI, Hyper-V VHDX, QEMU qcow2. Kugeuza moja kuwa nyingine ni amri ya mstari mmoja. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Mama aliuza vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, simiti ya kukopesha. Madeni aliyaandika kwenye programu ya zamani iliyokubali Windows XP pekee. Kompyuta yake ilipochoka, fundi aliigeuza nzima kuwa mashine pepe ya VMware. Mama alipofariki, mimi nilibaki na ile faili, na kaka yangu mkubwa akabaki na swali: tunamdai nani?

Laptopu yangu ni ya Linux, ina VirtualBox. Nilinakili faili kwanza, nikalinganisha alama za sha256 za nakala na ile ya awali. Zikalingana herufi kwa herufi. Nikageuza VMDK kuwa VDI, nikawasha. Nembo ya Windows ikatokea, halafu skrini ya buluu: 0x0000007B.

Msimbo huo si lazima umaanishe diski imeharibika. Unasema Windows imeanza kuamka, ikatafuta mlango wa kuifikia diski yake, na haikuuona. Kule ilikotoka, diski ilichomekwa kwenye kidhibiti cha SCSI aina ya LSI Logic. Huku, ukiiambia VirtualBox kwamba unaweka XP, inakupa IDE. Draiva iliyozoea mlango mmoja haijui kubisha mwingine. Data yote ipo, ila mashine haiwezi kujifikia yenyewe.

Dawa haikuwa kuilazimisha ibadilike. VirtualBox pia inaweza kuigiza LSI Logic. Nikaitoa diski kwenye IDE, nikaongeza kidhibiti hicho, nikaichomeka hapo. Mtandao nikauzima kabisa, maana Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 8, 2014, na sitaki mgeni mwingine humo ndani. Nikawasha tena. Ikaamka, fiti kabisa, na ikoni za Mama zimejaa upande wa kushoto kama alivyoziacha.

Kaka akasema tutoe orodha tu, tuiweke kwenye Excel, tumalizane na hii mashine. Programu ikatoa CSV: jina, tarehe, kiasi. Watu sitini na kitu.

Lakini kwenye skrini kulikuwa na kisanduku cha maelezo, na CSV haikukibeba. Humo Mama aliandika kwa ufupi wake: "Amelipa kwa kujenga choo." "Msimdai, mtoto yuko hospitali." "Alileta mbuzi, imeisha." Kiasi hakukifuta. Kwake deni lilikwisha alipoandika neno, hata kama tarakimu zilibaki pale pale.

Kwa ile orodha safi ya Excel, tungeenda kumdai mzee aliyetujengea choo tunachokitumia mpaka leo.

Niliyanakili maelezo yote kwa mkono, jioni tatu, kwenye faili ya maandishi ya kawaida, ambayo kompyuta yoyote itaifungua. VDI nimeihifadhi, na VMDK ya awali pia.

Kaka aliyasoma kimya mpaka mwisho. Halafu akaniuliza wadaiwa wa kweli ni wangapi.

Ni tisa.