Mchungaji Aliyehesabu

Mpwa wangu alipopata kazi, tulikusanyika nyumbani kwa dada yangu hapa Tabora kumshukuru Mungu. Alikuwa amesomea utunzaji wa kumbukumbu za afya, kisha akakaa zaidi ya mwaka mzima bila ajira, akimsaidia mama yake kuuza mchele. Nikaombwa nifunge kwa sala. Kabla ya kufumba macho nikamwuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Usajili wa saratani, Mjomba. Mwanza."

Sebule ilikaa kimya. Dada yangu alirudia lile neno kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa lisije likamsikia. Nikaomba, lakini leo naweza kukiri kwamba niliomba kama ninavyomwombea mtu anayekwenda msibani. Nilijiuliza moyoni: je, binti huyu amesoma miaka yote hiyo ili aandike orodha ya watu wanaokufa?

Krismasi ya mwaka ule alirudi likizo. Amepungua mwili. Alisema wiki za kwanza alikuwa akilia chooni, hasa akikutana na faili la mtoto. Nami, badala ya kumfariji, nikamletea fundisho la Makumira. Nikamkumbusha kwamba Mfalme Daudi aliwahesabu watu, na taifa likapigwa kwa tauni.

Alifikiri kidogo, akasema, "Lakini Mjomba, Daudi alikuwa anahesabu wenye kushika upanga. Sisi tunahesabu waliojeruhiwa."

Nilicheka, nikabadilisha mazungumzo. Ndivyo tunavyofanya wachungaji tunaposhindwa hoja na mtoto tuliyembariki kipaimara wenyewe.

Siku zile alinieleza kazi yake. Msajili hangoji mgonjwa aje mezani kwake. Yeye ndiye anayekwenda kumtafuta katika mafaili ya wodini, katika majibu ya maabara, katika vitabu vya vifo. Kila anayemkuta anamwandikia jina, jinsi, umri, mahali anapoishi, tarehe ugonjwa ulipogundulika, umegunduliwa kwa njia gani, umefikia hatua gani, na ametibiwa kwa nini. Kisha ugonjwa wenyewe hupewa alama inayoeleweka dunia nzima: C50 ni titi, C53 ni shingo ya kizazi, C61 ni tezi dume.

Mambo matatu katika maelezo yake yalinikaa. La kwanza, mtu mmoja huandikwa mara moja tu, hata kama amepita hospitali tatu. Huku kwetu Unyamwezini na Usukumani, ambako kila mtaa una Kulwa wake na Doto wake, si kazi ndogo kujua kama Kulwa wa faili hili ndiye Kulwa wa faili lile, au ni wawili na mmoja wao atasahaulika. La pili, mgonjwa huhesabiwa kule anakoishi. Mama wa Sikonge aliyefikia kwa ndugu zake Mwanza ili atibiwe hageuki kuwa mtu wa Mwanza. Akiandikwa hivyo, Sikonge itaonekana haina wagonjwa. La tatu, huandikwa mahali ugonjwa ulipoanzia, hata kama umeshafika kwenye mapafu au kwenye mifupa. Hilo la tatu nimelihubiri mara kadhaa bila kumtaja aliyenifundisha.

Nikamwuliza faida yake ni nini kwa mgonjwa aliyekwisha kufa. Akanisimulia habari za daktari Denis Burkitt, mmisionari kwa moyo wake, aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya unaokua upesi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kutoka Uganda kupitia nchi yetu hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewahi kuona ugonjwa huu? Walipoweka majibu kwenye ramani, ikaonekana ugonjwa huo unafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi. Kutokana na hesabu ile wanasayansi walipata pa kuanzia, na leo watoto wengi wanaowahishwa hospitali hupona kwa dawa. "Kila mtoto katika ramani ile," alisema, "kuna mtu alikuwa amemwandika."

Kabla hajarudi Mwanza nilimpeleka Kwihara, maana alikuwa amezaliwa Tabora bila kuwahi kuliona tembe la Livingstone. Ninyi mnaoijua barabara ile mnaijua miembe yake. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita huku kwetu, na watu wetu ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri. Nilimwambia jambo ambalo hunisumbua kila nifikapo pale: pembe za ndovu zilipimwa na kuhesabiwa kwa uangalifu, kwa sababu zilikuwa na mwenyewe anayezidai. Mtumwa aliyeanguka njiani aliachwa alipoanguka, na jina lake halikubaki popote.

Kisha nikamsimulia habari za Jacob Wainwright. Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872, na mwaka uliofuata akafariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia sasa. Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa na wamisionari India, ndiye aliyesoma ibada ya mazishi moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti. Ndiye aliyechonga katika mti ule jina lake na tarehe, pamoja na majina ya wenzake wachache, na ndiye aliyeorodhesha vitu vya marehemu. Akina Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili kupitia Tabora hapa hadi Bagamoyo. Wainwright mwenyewe alifariki Urambo, mkoani kwetu, mwaka 1892.

"Basi na yeye alikuwa msajili," mpwa wangu akasema. Tukatembea kidogo chini ya miembe. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mjomba, katika vitabu vyako vya mazishi, kwenye sababu ya kifo huwa unaandika nini?"

Sikumjibu. Swali lile lilinirudisha mwaka 2013, katika usharika wa kijijini nilikotumika. Kulikuwa na mama mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili. Alianza kutokwa damu, baadaye ikaja harufu, na kwenye benchi la kwaya nafasi kati yake na wenzake ikazidi kuwa pana. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni malipo ya ujana wake. Mimi nilijua ukweli, kwa sababu alinionyesha mwenyewe karatasi ya hospitali. Alipofariki, familia iliniomba nisiutaje ugonjwa. Nikahubiri habari za maradhi ya muda mrefu, na katika kitabu nikaandika neno moja: Homa. Nilijiambia kwamba ninamsitiri.

Miezi michache baada ya safari ya Kwihara, binti wa mama yule alinifuata ofisini. Akakaa ukingoni mwa kiti. "Baba Mchungaji, mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani?" Nilipomwambia, alijifunika uso kwa kanga. Alikuwa akitokwa damu miezi minane na kuificha, akidhani ni aibu yake peke yake. Angeijua dalili ile, angekwenda mapema. Kipimo cha siki cha shingo ya kizazi hufanywa hata katika vituo vya afya, na kidonda kikigunduliwa kabla hakijageuka saratani hutibika. Mimi niliyekuwa najua, nilinyamaza.

Nilimpa nauli ya basi la Mwanza. Wiki mbili baadaye, kwa wasiwasi, nikampigia mpwa wangu simu: umemwona fulani? Akanijibu kwa upole, "Mjomba, wewe umeapa kutunza siri ya maungamo. Na mimi majina haya nimeapa." Kwanza nilikasirika. Halafu nikaelewa kwamba mtoto huyu ametenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilivichanganya: siri ya mtu na uongo. Yeye anaandika ukweli wote, kisha anafunga kabati. Mimi niliacha kabati wazi kwa umbea, na ukweli wenyewe sikuuandika.

Tangu hapo nausoma tofauti mfano wa kondoo aliyepotea. Nimeuhubiri kwa miaka mingi nikimsifu mchungaji kwa kuwaacha 99 na kumfuata mmoja. Sikuwahi kujiuliza alijuaje kwamba mmoja hayupo. Alikuwa amehesabu. Jioni, amechoka, alisimama mlangoni pa zizi akawapitisha mmoja mmoja. Upendo wake ulianzia pale, kabla hajapiga hatua hata moja nyikani.

Sasa Umoja wa Wanawake usharikani kwetu humwalika muuguzi azungumze nao, na nikiwa na wanafunzi wa kipaimara huwauliza wazazi kama mabinti wamepata chanjo ya HPV, ambayo nchi yetu imekuwa ikiitoa tangu 2018.

Yule binti alitibiwa kwa mionzi. Ninapoandika haya yupo, na Jumapili anazopata nguvu huja ibadani. Nilimwomba msamaha, kisha nikamwuliza kama ananiruhusu kusahihisha kitabu. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Andika, Baba Mchungaji."

Tulikwenda pamoja kule usharikani, na mchungaji mwenzangu anayetumika pale akatutolea kitabu. Cha zamani katika kitabu cha Kanisa hakifutwi, kwa hiyo niliandika pembeni, nikaweka tarehe na sahihi. Nafasi ilikuwa ndogo. Ilinibidi nibane herufi ili maneno yaenee: saratani ya shingo ya kizazi. Binti alisoma, akagusa jina la mama yake kwa kidole, akafunga kitabu mwenyewe.