Gari la Uani

Katika mtaa wa Walukuba mjini Jinja, nyuma ya nyumba moja ya vyumba viwili, kipo kibanda cha mabati kilichojengwa kiwe jiko. Mama wa nyumba hiyo alikipikia miezi minne tu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ilimbidi ahamishie sigiri yake barazani, kwa kuwa mumewe, fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda kimoja cha mji huo, alikuwa amekata shauri kuunda gari, na gari haliundwi chini ya mvua.

Msomaji asidhani kwamba bwana huyo alikuwa wa kwanza kupatwa na hamu ya namna hiyo. Huko Uingereza, tangu mwaka 1957, watu waliweza kununua gari dogo liitwalo Lotus Seven likiwa vipande vipande na kuliunganisha wenyewe nyumbani, kwa sababu gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, na vipande havikutozwa. Nafuu hiyo iliondoka mwaka 1973 kodi ya mauzo ilipogeuzwa, lakini hamu haikuondoka. Mwaka 1996 mwalimu mmoja wa shule ya Oundle, Ron Champion, alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kuunda gari la aina hiyo kwa paundi 250 tu, kwa kutumia chuma cha mraba na viungo vya gari kuukuu. Michoro ya namna hiyo ndiyo iliyomfikia fundi wa Walukuba kwa mkono wa mfanyakazi mwenzake.

Gari kuukuu alilipata Mbale, kwa baba yake mzazi. Mzee alikuwa na Toyota Corolla ya mwaka 1982, ambayo kwa miaka mingi ilimpeleka sokoni na kanisani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kuharibu nyumba nyingi za mji. Uani kwa mzee maji yalipanda hadi kwenye viti vya gari, na yalipopungua yaliacha tope. Bodi ikaoza. Lakini ile ilikuwa Corolla ya zamani, ambayo injini yake imelala kwa urefu mbele na nguvu zake hupitia propela hadi kwenye difu nyuma, kama michoro ilivyotaka. Magari madogo ya siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele, wala hayafai kwa kazi hiyo.

Siku mabaki hayo yalipopakiwa juu ya lori, mzee alisimama mlangoni akasema, "Linaondoka hapa limebebwa kama maiti. Nataka nilione likitembea kabla sijafumba macho." Mwanawe akaahidi. Mkewe, ambaye alikuwapo, alisema baadaye kwamba ahadi ile ndiyo iliyomgharimu jiko.

Kwa kweli sehemu ya kwanza ya kazi ilikwenda vizuri mno. Fundi alichora umbo la fremu kwa chaki juu ya ubao mpana, akakata vyuma vya mraba vya milimita 25, akavipanga juu ya mistari. Kwanza alivishikiza kwa vidoti vya kulehemu tu, kisha akapima pembe kwa pembe, kwa maana moto hukivuta chuma, na fremu iliyolehemiwa kwa pupa hupinda kabla mwenyewe hajatambua. Injini aliifungua yote, akaisafisha tope kwa mafuta ya taa, akabadilisha vyuma laini na gasketi. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo ilinguruma. Majirani walikuja kumpongeza, na mmoja akamwuliza kwa mzaha kama anashindana na Kiira.

Mzaha huo una maana kwa watu wa Jinja. Kiira ni jina la mto Naili kwa wenyeji, na pia ni jina la gari la umeme la viti viwili ambalo wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliliendesha mbele ya watu Novemba 2011. Kutokana na gari lile ilizaliwa kampuni ya serikali, na kiwanda chake kikajengwa papo hapo Jinja, katika eneo la viwanda la Kagogwa. Gari moja lilitembea mwaka 2011. Kiwanda kilichukua zaidi ya miaka kumi. Kenya nako, Rais Moi alitoa wazo la gari la Nyayo mwaka 1986, magari machache ya majaribio yakaonyeshwa mwaka 1990, na hayakufika sokoni kamwe.

Hata Walukuba mambo yalikuwa hivyo hivyo. Injini ilipokwisha kunguruma, bwana alimwambia mkewe kwamba kazi imebaki kidogo. Bibi huyo ni mshonaji, na hana desturi ya kuamini neno "kidogo". Aliweka daftari. Upande mmoja aliandika fedha zilizotumika hadi injini ilipowaka, na upande wa pili zilizotumika baada ya hapo: taa, waya, fyuzi, kioo cha mbele, vifutio vya mvua, honi, matairi manne, praima na rangi. Kufikia katikati ya mwaka 2024 upande wa pili ulikuwa umeupita wa kwanza, na gari lilikuwa halijavuka lango. Hapo ndipo mabwana wengi hukosea: fremu huonekana, kwa hiyo mtu huihesabu, kifutio cha mvua hakuna akihesabuye hadi kinapohitajika. Mama yule alitoa sharti kwamba fedha za ada ya shule zisiguswe, akashona viti mwenyewe kwa turubai nene, akafunga mjadala.

Ikaja zamu ya breki. Kazi ya kutoa hewa katika mabomba ya breki haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukanyaga kikanyagio na kukishikilia, mwingine hulala chini na kufungua skrubu ndogo ya gurudumu ili mafuta yatoke na hewa yake. Bibi alikaa kitini akakanyaga, akashikilia, akaachia, gurudumu moja baada ya jingine, jioni nzima. Walipomaliza, bwana aliinuka akifuta mikono, akasema Jumamosi atakwenda Mbale na mtoto wao wa kwanza.

Mkewe hakushuka. Mguu wake ulikuwa bado juu ya breki. "Baba watoto," alisema, "kitu hiki kinazama."

Bwana alikanyaga mwenyewe mara moja kwa nguvu, akakiona kigumu. Akamwambia kwamba hilo ni jambo la kawaida, mafuta bado yanatulia. Bibi akamwomba akanyage pole pole na kuhesabu hadi sitini. Alikataa, ati yeye ni fundi kwa miaka kumi na mitano. Kwa siku mbili hapakuwa na maneno mengi katika nyumba ile, ila hili moja, kwamba mtoto hatapanda.

Ijumaa usiku bwana aliingia kibandani peke yake, akakanyaga, akahesabu. Alipofika arobaini kikanyagio kilikuwa kimegusa sakafu. Chini hapakuwa na tone la mafuta, na hilo ndilo lililokuwa limemdanganya. Alifungua silinda kuu ya breki, ambayo aliitoa kwenye Corolla bila kuibadilisha, akamulika ndani. Maji ya mafuriko yalikuwa yameacha vishimo vya kutu, navyo vilikwisha kuvila vipira. Mafuta yalikuwa yakirudi nyuma humo humo ndani, pole pole. Kutoka Jinja hadi Mbale ni yapata kilomita 140, na malori ya njia hiyo hayangoji mtu ahesabu hadi sitini. Asubuhi alimwonyesha mkewe kile chuma bila kusema neno, naye akaandika silinda mpya katika upande wa pili wa daftari.

Safari ya Mbale haijawa hadi leo. Kadi ya mzee inataja Corolla ya milango minne, na kilichosimama uani hakina mlango hata mmoja. Ofisi moja humtuma bwana kwenye nyingine, na bila ukaguzi na karatasi mkewe hamruhusu kuliingiza barabara kuu. Hivyo Jumapili moja mzee mwenyewe alipanda basi akaja Jinja.

Walimsaidia kuketi kwenye kiti cha turubai. Mwanawe aliwasha injini, akamzungusha uani mara mbili, kuku wakitawanyika, kisha akalisimamisha mbele ya baraza. Wakabadilishana viti. Mama wa nyumba aliinama kando ya fremu, akamwonyesha mzee kikanyagio cha katikati.

"Baba, kanyaga pole pole, usiachie," alimwambia, naye akaanza kuhesabu.