Mlango Uliokwama: Safari Yetu ya Takaungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu, na hasa mama na dada zetu mnaotusoma majumbani, siku chache zilizopita tuliitwa Takaungu kwa ajili ya swali moja la sharia. Tulishika njia kuu ya kwenda Kilifi, tukayapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, kisha tukaiacha lami na kuelekea baharini. Mwendo wa kutoka Mombasa hadi hapo ni wa karibu kilomita 50, lakini mtu akifika huona kana kwamba amerudi nyuma miaka mingi. Mji umekaa kimya juu ya mkono wa bahari. Mitumbwi imefungwa chini, misikiti iko juu, na baina yake zimo nyumba za mawe, nyingine zinakaliwa na nyingine zimebaki kuta zilizoota miti.

Wenye kuijua historia wanakumbuka kwamba Mazrui walipoondolewa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, baadhi yao walikwenda Gazi na wengine wakaja kukaa hapa. Waliojenga katika mji huu walijenga kama walivyojenga wazee wetu pwani nzima: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa, na boriti za mikoko juu. Ni ujenzi wa kudumu, ila una masharti yake, na sharti la kwanza ni maji yasiachwe kukaa mguuni mwa ukuta.

Aliyetuita ni ndugu wa bibi mmoja aliyefiwa na mumewe. Hatutamtaja jina. Tulikaa ukumbini pamoja na ndugu zake, naye akazungumza nasi kutoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu," alisema, "nimekaa eda miezi miwili na siku chache. Chumba hiki kina ufa na usiku nasikia mchanga ukidondoka. Nikitoka naogopa nitaivunja eda yangu, na nikikaa naogopa ukuta. Nifanye nini?"

Tulimjibu: "Mamangu, toka leo." Asili ya sharia ni mjane kukaa eda yake, miezi minne na siku kumi, katika nyumba aliyofia mumewe au aliyokuwa akikaa naye. Lakini maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi, akiwamo Imam Nawawi katika Minhaj, wametaja wazi kwamba akiihofia nyumba kuanguka, au akiihofia nafsi yake, anaruhusiwa kuhama. Atakwenda mahali pa karibu panapomfaa, na eda yake itaendelea pale pale ilipofika. Hakuna thawabu ya kulala chini ya ukuta unaoanguka. Jioni ile alihamia kwa nduguye, nyumba ya pili.

Kisha tukaomba aletwe mwashi. Hapo ndipo tulipojua kwamba nyumba ile ilikuwa ikisema kwa muda mrefu. Bibi alieleza kuwa mlango wa chumba ulianza kukwama tangu mumewe yu hai. Aliitwa seremala akaupiga randa, na baada ya wiki chache ukakwama tena, akaupiga randa mara ya pili. Ufa ulipotokea kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari hadi chini ya boriti, ulizibwa kwa saruji. Haukupita msimu ukafunguka kando ya saruji ile.

Mwashi aliteremsha timazi, na ukuta ukaonekana umeinama nje. Alizunguka uani akakuta bomba la maji ya bafuni limevunjika chini ya ardhi, karibu kabisa na msingi. Aliposukuma nondo pale, ilizama kama tope. Maji yalikuwa yamechukua mchanga kidogo kidogo, na ardhi ikatitia chini ya ukuta.

Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo ni kweli. Lakini tulijifunza pale kwamba ufa huulizwa kwanza ndipo ukazibwa. Mwenye kuziba bila kuuliza amemfunga mdomo shahidi.

Basi tuangalie nini? Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni jambo la kawaida. Wa kuogopwa ni ufa wa mshazari unaoanza pembe ya mlango au dirisha, ulio mpana upande mmoja kuliko mwingine, unaoonekana ndani na nje, tena unaopanuka. Angalieni pia mlango au dirisha linalokwama ghafla, sakafu inayoachana na ukuta, na boriti inayochomoka mahali pake. Anayejua mlango umebadilika ni yule anayeufungua kila siku, na mara nyingi ni mama wa nyumba. Akisema, asikilizwe.

Mkiuona ufa, pigeni alama ya kalamu kwenye ncha zake, andikeni tarehe, na mpige picha. Rudieni kila baada ya wiki mbili. Ukipanuka, mwiteni fundi mwenye ujuzi, na ikiwezekana mhandisi. Tafuteni yanakotoka maji: bomba, shimo la choo, mtaro wa mvua, tangi linalovuja. Ardhi yetu ya pwani ni mwamba wa matumbawe, na mwamba huo huliwa na maji taratibu hadi ukawa na mapango, na juu yake mna mchanga unaochukulika. Walio juu ya mwinuko wa bahari wachunguze pia mawimbi yanavyoula kwa chini. Na nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta. Kama chumba kinatisha, hameni kwanza, mjadili baadaye.

Tusidhani majumba makubwa yamesalimika. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilidondoka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 ikaporomoka tena wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Tukaja kwenye gharama. Mmoja wa watoto wa marehemu alikuwa akilipia bima ya nyumba kila mwaka, nao wote walitulia kwa hilo. Kampuni ilipoulizwa, ilijibu kwamba hati yao ni ya moto, radi na mafuriko, na kutitia kwa ardhi hakumo. Hakuna aliyekuwa ameisoma hati. Bima nyingi za nyumba hukiweka kipengele hiki nje, au hukiongeza kwa malipo zaidi. Mara nyingi hazilipi uchakavu, ujenzi mbovu, kuliwa kwa ufuo na bahari, wala ufa uliokuwapo kabla ya kukata bima. Muulizeni wakala, naye ajibu kwa maandishi: nyumba ikipasuka kwa sababu ardhi imetitia, mtalipa? Na sisi tutabeba kiasi gani? Mkiona dalili, toeni taarifa mapema na mhifadhi zile picha.

Wanaochelea riba na gharari wajue kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1985 likakataza bima ya kibiashara na kuelekeza bima ya kusaidiana. Hapa Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Hata huko, someni kipengele hicho hicho.

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Nyumba ni ya mirathi ambayo haijagawanywa. Bibi ana thumni yake, na watoto wako Mombasa na Maskati. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe, na aliyekaa chini ya ufa ni yule mwenye fungu dogo. Tuliwapigia simu pale pale. Walikubali kila mmoja achange kwa kadiri ya fungu lake, bomba litengenezwe kwanza, kisha msingi, na mirathi igawanywe eda itakapokwisha.

Kila Ijumaa twasoma Suratul Kahf. Tukifika kwenye kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema, tukumbuke ukuta uliotaka kuanguka, ukasimamishwa bila ujira kwa ajili ya mayatima wawili. Huenda katika mtaa wako upo ukuta kama huo, na ndani yake yumo mjane au yatima asiye na wa kumwitia mwashi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo, amrehemu marehemu, na ampe subira bibi yetu. Amin.