Kipanya kizima kilipopiga kelele: Fataki!

Tangazo la Fataki lilipoanza kusikika redioni, mwaka 2008 hivi, mama alikuwa anaongeza sauti. Nyumbani kwetu Isevya, Tabora, matangazo yalipunguzwa sauti mpaka taarifa ya habari irudi. Hilo peke yake lilisikilizwa hadi mwisho. Wengi mnalikumbuka: jibaba lenye pesa, Fataki mwenyewe, linamrubuni mwanafunzi kwa lifti na ahadi tamutamu, na kila mara anatokea mtu wa pembeni, jirani au mhudumu, anayemtibulia. Lilitengenezwa na mradi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa fedha za Marekani, likajaribiwa Morogoro kabla ya kuenea nchi nzima. Tabora lilituhusu hasa. Utafiti wa kitaifa wa 2010 uliuweka mkoa wetu wa pili baada ya Shinyanga: asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuanza kuishi na mwanamume kabla ya kutimiza miaka 18.

Haikuchukua muda jina likatoka redioni likaingia mitaani. Jioni moja kwenye kipanya cha kutoka Ipuli, mzee mmoja wa makamo alimlipia nauli binti wa sekondari aliyekaa naye, kisha akamwinamia sikioni. Konda akapaza sauti: "Jamani, Fataki huyu hapa!" Gari zima likalipuka. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akampigia makofi konda. Yule bwana aliteremka njiani, bila shaka si kituo chake. Mimi pia nilishangilia, na bado naamini konda alifanya jambo la maana. Kabla ya hapo tuliyaona hayohayo tukaangalia dirishani, kwa kuwa hatukuwa na namna ya kumwambia mtu mzima maneno kama hayo hadharani.

Lakini binti alibaki kwenye kiti, amejifunika uso kwa sweta la shule. Hakuna aliyemsemesha hadi stendi.

Kisha ikaja kampeni nyingine, Sidanganyiki, na fulana na mabango yake. Safari hii msichana ndiye aliyekuwa anasema. Hapo ndipo nilipoona watu wakibadilika. Watu walewale waliocheka na Fataki walinuna. Binamu yangu alirudi na fulana yenye neno hilo kifuani, baba mdogo akamwamuru aivue. "Nani anakudanganya humu ndani? Mtoto wa kike hajibu watu wazima kwa fulana." Kumlinda binti kulimpendeza kila mtu, binti kujisemea kukaitwa kiburi.

Bibi ndiye aliyemjibu baba mdogo. Alimkumbusha kwamba kwenye misafara iliyopita hapa Unyanyembe kwenda pwani walikuwamo wanawake wa Kinyamwezi, mizigo kichwani, na waliobaki walilima na kusimamia kaya kwa miezi mingi. "Unadhani waliishi bila kusema?" Fulana haikuvuliwa.

Miaka iliyofuata mambo yalikwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilivikataa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya 18. Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo 2019. Katikati yake, 2017, Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shule ya serikali. Ruhusa ya kurudi ilikuja Novemba 2021.

Leo nikipita stendi naona bodaboda nyingi. Binti anapakiwa peke yake, hakuna konda wala mama wa dagaa. Anayemrubuni anamtumia ujumbe kwenye simu, na mhudumu wa kumtibulia hayupo. Tangazo lililotegemea watu wa pembeni limepungukiwa na watu hao. Kwa hiyo lile la pili, Sidanganyiki, tulilolinunia, ndilo ninalotaka lirudi, kwenye redio za hapahapa Tabora, kwa sauti ya msichana wa Urambo au Sikonge mwenye lafudhi yetu, asimulie mwenyewe alivyojibu.