Ukuta wa Shangazi

Niliichukua nyumba ya chokaa nikaivika saruji. Ningeweza kuishia hapo, kwa kuwa yeyote aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ameshajua yaliyofuata. Lakini lipo kosa la pili, zito kuliko hilo, ambalo halihusu saruji wala mchanga. Dari ilipoanguka nilijua sababu, nikanyamaza, jirani yetu akalaumiwa kwa jambo nililolifanya mimi. Yote mawili nayasema leo, na sitaki kumsukumia mtu mwingine hata punje yake.

Nyumba ni ya urithi, ya upande wa baba. Chini anaishi shangazi yangu, aliyebaki pale baada ya wengine wote kutawanyika, mmoja Dar es Salaam, mmoja Muscat, wengine makaburini. Ukuta wa chumba chake cha kulala ni wa ubia: upande huu wetu, upande wa pili wa jirani, mama mmoja mtu mzima ambaye tangu nina akili nimemwona akibadilishana na shangazi sahani za futari. Ramadhani haikuwahi kupita bila sahani kuvuka.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Ukuta una unene wa nusu mita na zaidi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa ni nadra kupata boriti nzuri inayozidi mita 3, vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba umeamuliwa na mti. Boriti za mwambao huu, za delta ya Rufiji na za Lamu, zilipakiwa majahazini zikavuka hadi Oman na Ghuba, zikabeba dari za huko pia. Ni mti mgumu, wenye dawa yake ya asili ambayo mchwa hawaipendi. Adui yake ni unyevu usioondoka. Na ncha zake zote mbili zimezama ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Mji Mkongwe umekaa juu ya ulimi wa ardhi unaoingia baharini. Maji ya chini yana chumvi, na jiwe la matumbawe lina matundu matundu, kwa hiyo maji hupanda ukutani mwaka mzima, masika yakizidi. Wazee waliojenga walilijua hilo. Hawakuyazuia maji, waliyapa njia. Chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu, maji yakifika juu yake hukauka kwa upepo, na chumvi hubaki usoni, ikiubambua upakaji kidogo kidogo. Ndiyo maana babu aliwaita mafundi kila mwaka kabla ya Ramadhani wakwangue palipobambuka na kupaka chokaa upya. Mimi nikiwa mtoto niliona zile kazi za kila mwaka kuwa dalili ya umaskini. Nilidhani nyumba ya watu wenye uwezo hupakwa rangi mara moja na kwisha. Mawazo hayo niliyabeba hadi utu uzima, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, mbali sana na siku niliyoshika mwiko.

Nilirudi kutoka bara na akiba kidogo na shauku kubwa ya kumtengenezea shangazi chumba kizuri. Shauku ile ilikuwa ya kweli, lakini ndani yake mlikuwa na aibu: niliona haya wageni wangu kuona ukuta unaobambuka. Nikatazama video kwenye simu, za watu wanaokarabati nyumba za matofali katika nchi za baridi, nikajiona nimeshakuwa fundi. Sikwenda kuomba kibali, ingawa najua mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000 na kwamba ukarabati humu una taratibu zake. Nilijiambia kuwa ni kazi ya ndani, nani ataona.

Nilibandua niru yote ya zamani kuanzia sakafuni hadi kimo cha bega. Niru ile ilikuwa nyororo, imesuguliwa na mtu aliyejua kazi yake, na mimi niliimwaga uani kwa ndoo. Nikapiga lipu ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, juu yake rangi ya mafuta. Kisha nikaja kwenye mpangilio wa vitu. Chumbani mlikuwa na vidaka ukutani, ambamo shangazi aliweka Msahafu, chetezo na vikombe vyake vya kahawa. Nikavijaza mawe na saruji ili ukuta uwe sawa, nikamwundia kabati kubwa la mbao kutoka sakafuni hadi karibu na dari, likaegemea ukuta ule ule. Vitundu vya hewa vilivyokuwa juu nikaviziba, kwa sababu vilikuwa vinaingiza vumbi.

Katikati ya kazi alipita fundi mmoja mzee wa mtaani, aliyewahi kufanya kazi na babu. Alisimama mlangoni, akatazama mifuko, akasema, "Mwanangu, nyumba ya chokaa itie chokaa." Nikamjibu, "Mzee, zama za chokaa zimepita." Nilimjibu hivyo mbele ya vijana waliokuwa wakinisaidia, wakacheka, na mimi nikafurahi walipocheka. Akaaga kwa heshima akaenda zake.

Mwaka wa kwanza chumba kilipendeza kweli. Shangazi aliwaonyesha wageni wake kwa fahari. Binamu yangu akaniomba nimwelekeze, nikamwelekeza, naye akafanya vivyo hivyo kwenye nyumba ya mkewe. Hilo nalo liko juu yangu.

Halafu juu ya mpaka wa saruji, mahali ambapo ukuta haujawahi kuwa na unyevu, kukatokea mstari wa majimaji. Mtu mwenye busara angejiuliza kwa nini maji yamepanda kuliko zamani. Mimi nikanunua saruji nyingine nikapandisha lipu, kutoka begani hadi juu ya kichwa, na mstari ulipotokea tena nikapandisha hadi darini. Sasa naelewa nilichokuwa nikikifanya. Maji yaliyokosa pa kutokea chini yalitafuta juu, na kila nilipofunga niliyasogeza karibu zaidi na ncha za boriti. Chumvi nayo, badala ya kubaki usoni ikapanguswa, iligandia nyuma ya lipu, na chumvi ikiganda hutanuka na kusukuma. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Ukuta ukitikisika kidogo, saruji hupasuka, na mpasuko huingiza maji ambayo lipu inayozunguka haiyaachi yatoke. Kabati lilinisaidia nisione. Nyuma yake ukungu uliota, ukala kanga za shangazi na picha zake za harusi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilijengwa 1883, wakati wa Sultani Barghash, na kwetu sisi ni uso wa mji. Nilikwenda Forodhani kama wengine, nikasimama mbele ya kifusi, nikapaza sauti kuuliza nani aliyezembea. Sisemi kwamba lililoliangusha jumba lile ndilo lililokuwa likiula ukuta wetu. Nasema kwamba siku ile nilidai watu wengine wawajibike, wakati nyumbani nilikuwa nimemlaza mwanamke mzee chini ya boriti nilizozifungia maji, na sikugeuza shingo kujitazama.

Dari ya shangazi ilianguka katika masika, adhuhuri. Alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nilipofika niliona zege ya chokaa, mawe na vipande viwili vya boriti juu ya kitanda, upande wa mto. Ingekuwa usiku, nisingekuwa na haja ya kuandika haya, ningekuwa nimeshaulizwa na watu wengine.

Majirani walijaa. Mmoja akasema bila shaka ni maji ya paa la jirani, mfereji wake si mzima. Wote wakamgeukia yule mama. Akasema, "Lakini mfereji wangu unamwaga barabarani." Shangazi akanitazama mimi, msomi wa nyumba, nithibitishe au nikanushe. Nikasema, "Inawezekana."

Wakati nasema vile nilikuwa nimeshaiona ile boriti. Mgongo wake, uliokuwa unatazama juu, ulikuwa mkavu na mzima kabisa, rangi yake nyekundu iliyoiva. Maji yangekuwa yametoka paani, yangeanza kuuozesha mgongo. Kilichooza ni ncha, ile dhiraa moja iliyokaa ndani ya ukuta: niliibinya ikavunjika vidoleni, nyeusi, ina maji, ina harufu ya pwani maji yakitoka. Niliiona ncha ile nikajua sababu. Watu walipotawanyika nilizikata ncha zote mbili kwa msumeno, nikazitia guniani, nikazitupa usiku. Zile sehemu nzima nikaziacha uani zionekane.

Ramadhani iliyofuata sahani hazikuvuka. Shangazi alimnunia jirani yake waziwazi. Akipita anageuza uso. Yule mama alileta sahani siku ya kwanza, ikarudishwa na kitambaa chake bila kufunuliwa. Nilikuwepo. Nilikula futari yangu nikijua.

Aliyenifungua kinywa ni huyo huyo jirani. Upande wake wa ukuta ulianza kutoka maji, kwa kuwa upande wetu nilikuwa nimeufunga wote na maji yakabaki na njia moja tu. Akaniita nikatazame. Hakunituhumu. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna kitu mlikifanya kwenu?" Nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani, sikulala, na asubuhi nikagonga mlango wake nikamweleza kila kitu, pamoja na gunia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikaseme kwa shangazi kabla ya kusema naye zaidi.

Shangazi alininyamazia muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi, kwa umri huu, nimemnunia mwanamke wa watu bure?" Habari ya kitanda hakuigusa. Akavaa buibui akatoka peke yake, na waliyoongea huko hawajaniambia hadi leo, wala sina haki ya kuuliza.

Kuirekebisha kazi yangu kumechukua muda na fedha kuliko kuiharibu. Kwanza nimekwenda kuomba kibali, kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Lipu ya saruji haibanduki peke yake. Ukiipiga tindo inang'oka na uso wa jiwe pamoja na chokaa iliyoshikilia mawe tangu enzi za mababu, na nyuma ya kila bamba kuna tabaka jeupe la chumvi. Palipotoka sana inabidi kutomea kwa vijiwe na chokaa, shimo moja moja. Chokaa yenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji, ikalala shimoni wiki nyingi hadi iwe laini. Hupakwa matabaka membamba, na kila tabaka hulindwa lisikauke haraka, magunia yaliyoloweshwa yakining'inizwa mbele yake, kwa sababu chokaa haikomai kwa jua, hukomaa kwa kuvuta hewa polepole hadi igeuke jiwe tena. Ukiiharakisha inakuwa unga. Niliyaita mambo haya ya zama zilizopita bila kuyajua hata kidogo.

Fundi mzee nilimfuata barazani kwake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya watu. Akasema yameisha. Kesho yake alikuja, akanikabidhi chekeche, akaniweka kwenye mchanga. Sasa yeye ndiye anayeamua na mimi nachekecha, nabeba, nalowesha magunia. Boriti mpya tumezipata kwa bei inayouma, maana mikoko sasa hukatwa kwa kibali, na ndivyo inavyopaswa. Kabla ya kuziingiza ukutani ameacha uwazi wa hewa kuzunguka kila ncha.

Vidaka vitatu nimevifungua. Cha nne kimeharibika, saruji iliondoka na kingo zake, na fundi amesema kitabaki hivyo. Kabati nimelivunja, mbao zake nimetengenezea rafu fupi zinazosimama mbali na ukuta, upepo upite nyuma. Nimekwenda pia kwa binamu yangu na mkewe nikawaambia; wamenikasirikia, na wana haki. Kwao lipu imefika kifuani tu, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kuitoa kabla haijaigusa dari. Nimewaahidi mikono yangu Ijumaa na Jumapili.

Ukuta wa ubia bado umelowa. Fundi anasema ukuta mnene kiasi hiki utahitaji miezi mingi kukauka, na hataki kuugusa upande wa jirani hadi masika yapite. Gharama za upande ule ni zangu, tumekubaliana mbele ya shangazi. Kwa sasa yeye analala chumba cha mbele, na yule mama huja kila jioni kuulizia ukuta umefikia wapi.