ALIYENUNUA MAFUTA YA YULE MJANE

Neno letu la leo liko katika 2 Wafalme 4:1-7. Lisome polepole kabla hujaendelea.

Unaijua habari hii. Mume amekufa, ameacha deni, na mwenye kudai yuko njiani kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mama amebaki na chupa ya mafuta tu. Elisha anamtuma akaazime vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache. Mafuta yakamiminika mpaka vyombo vikaisha.

Mafuta tumeyahubiri sana. Leo tuwaangalie watu wawili ambao hatuwahubiri.

Wa kwanza ni jirani. Huyu hakutoa pesa, alitoa chombo. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Ni kama Mungu aliuacha mkono wa jirani upime ukubwa wa muujiza wa mwenzake!

Wa pili ni mnunuzi. Hatajwi, lakini lazima alikuwepo, kwa sababu nabii alimwambia mama akauze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Muujiza ulianza nyumbani mlango ukiwa umefungwa, ukakamilika sokoni. Sasa niambie, ingekuwaje kama kila mnunuzi angesema, "Mama, niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi"? Mafuta yangekuwa yametoka kwa Mungu kweli, na watoto bado wangechukuliwa.

Namfahamu dada mmoja, fundi wa nguo. Kwaya moja ilimpa kazi ya kushona sare 30, kila moja shilingi 1,500. Jumla 45,000. Akalipwa 15,000 za kuanzia, kitambaa akachukua kwa deni dukani, akaandika msichana wa kumsaidia. Sare zikawa tayari kabla ya Pasaka. Kwaya ikapendeza, ikaimba, watu wakatoa machozi. Kufikia Desemba zile 30,000 zilikuwa hazijalipwa. Kila akiuliza anaambiwa, "Dada, sisi ni ndugu, Mungu atafungua mlango." Lakini mwenye duka la vitambaa alitaka pesa yake. Dada akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Yule msichana akarudi kwao. Nyumba mbili zimerudi nyuma, na hapo usimsingizie shetani.

Mwaka wa 2016, KNBS ilihesabu biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4 hapa Kenya. Nyingi hazikuwa hata na leseni. Hao ndio mama mboga, vinyozi, mafundi na wauza mitumba tunaoketi nao kanisani. Umaskini huanza kupungua mtaani pale biashara ya mtu mmoja inapoweza kuajiri wa pili, kisha wa tatu. Serikali imeweka hazina za mikopo: ya vijana mwaka 2006, ya wanawake 2007, na Hustler Fund mwishoni mwa 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo unasaidia. Lakini mkopo bila wateja wanaolipa ni deni juu ya deni, na Elisha hakumtafutia mjane mdai wa pili.

Sisemi tuache kapu la upendo. Mwenye njaa leo apewe unga leo. Lakini mwenye mikono ya kazi, usimpe unga kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia jasho lake.

Kwa hiyo wiki hii, mpendwa:

1. Lipa. Mithali 3:28 inatukataza kumwambia jirani aje kesho ilhali kitu chake tunacho.

2. Acha kudai "bei ya ndugu". Dukani kwa mgeni hulipa bei iliyoandikwa bila neno. Mbona ndugu yako umlipe kidogo?

3. Kuwa chombo. Mletee mteja. Mfundishe kutenganisha pesa ya biashara na ya nyumba. Kama mko chama kimoja, mwachie zamu yako anapohitaji kuongeza stoki.

Na wewe mfanyabiashara uliyeokoka, usiuze kazi mbovu kwa jina la Yesu. Timiza tarehe uliyoahidi. Mteja naye ana jasho lake.

OMBI: Baba, bariki kazi ya mikono ya watu wako. Tufanye majirani wenye vyombo na wanunuzi waaminifu. Mtoto wa mtu asiteseke kwa sababu ya deni lililo mfukoni mwangu. Katika jina la Yesu.

Najua umezoea kuandika AMINA hapa chini. Leo tuma ile M-Pesa kwanza, kisha urudi uandike.

Ubarikiwe.
Mchungaji wako