Eldoret Walivyochagua Gemu ya Mwaka

Nilikuwa sijawahi kupita Nairobi kwenda magharibi. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na safari zangu za bara zote zilikoma pale treni inapokoma. Basi mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu Eldoret, aliponiambia kwamba yeye na wenzake hukutana kila Desemba kuchagua gemu ya kompyuta waliyoipenda kuliko zote za mwaka huo, sikumpa nafasi ya kunialika mara ya pili. Nilitaka kuuona mji nilioujua kwa wakimbiaji wake tu. Nilitaka pia kujua vijana hawa wanapimaje kitu ambacho kwetu nyumbani nilikisikia kwa kelele tu, nyuma ya mlango uliofungwa.

Treni ya alasiri ilitoka Miritini Jumanne tarehe 10 Desemba 2024, ikatuvusha Tsavo jua likizama, na usiku ikatushusha Syokimau. Hadi hapo njia naijua. Asubuhi yake nikapanda matatu ya Eldoret, nikakaa dirishani, na kila kilichopita mbele ya kioo kikawa kipya kwangu. Tulipoipita Limuru, ardhi ilikatika ghafla mkono wa kushoto, na Bonde la Ufa nililolisoma kwenye ramani ya shule likawa chini yetu, Longonot umesimama ndani yake kwa fahari. Wenzangu garini walikuwa wakisinzia. Mimi sikupepesa macho.

Baada ya Nakuru barabara ilizidi kupanda. Shuleni nilifundishwa kwamba ikweta ndiko kwenye joto, na ukiwa mtu wa Mombasa huna sababu ya kulitilia shaka somo hilo. Lakini pale tulipoivuka ikweta, kuelekea Timboroa, tulikuwa juu sana ya usawa wa bahari, na abiria walikuwa wakifunga madirisha. Mama aliyekaa kando yangu aliliangalia buibui langu jepesi, akafungua mkoba wake, akanifunika shuka magotini. "Shika hii, dada. Huku si pwani," akasema, kisha akaendelea na mazungumzo yake ya simu kana kwamba tumefahamiana miaka.

Burnt Forest wachuuzi walikimbilia gari na viazi, karoti na kabichi kubwa ajabu. Kutoka hapo ni mashamba. Desemba ni wakati wa mavuno Uasin Gishu, na mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya maturubai kando ya barabara, watu wakiyapindua kwa miguu na kwa reki. Sisi pwani unga tunaukuta dukani kwenye pakiti. Hapa niliiona asili yake, ekari kwa ekari, na nikaelewa kwa nini bei ya gunia huzungumzwa huku kwa uzito ule ule tunaozungumzia meli bandarini.

Siku ya Jamhuri, Alhamisi tarehe 12, mtoto wa kaka yangu alinitembeza. Eldoret ilikuwa na miezi minne tu tangu ikabidhiwe hati ya kuwa jiji, tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Malori ya mafuta yalijipanga barabara ya Uganda yakielekea Malaba. Vijana wembamba wa riadha walipita wakikimbia pembezoni bila hata kutweta, nami nilikuwa nimesimama tu na pumzi zinanipaa, maana mji wenyewe uko mita zipatazo 2,100 juu. Kila aliyenisalimu "Chamgei" alinifundisha pia namna ya kuitikia.

Kisha tukaingia saiba. Ni chumba kirefu ghorofani, kompyuta zimepangwa ukutani, na kwenye kila skrini kuna dunia yake. Nyingi zilikuwa mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, zikaletwa Kenya kuuzwa tena, na vijana wakaziongezea RAM na kadi ya grafiki. Mmoja wao alinifungulia ubavu wa kompyuta yake nione. Kadi ile ilikuwa na feni mbili ndogo zikizunguka polepole, na aliponiambia niweke kiganja nyuma yake nilihisi uvuguvugu tu. Nilishangaa kweli. Mombasa mashine ya kijana wetu hunguruma na kuzima saa nane za mchana, hata tukiielekezea feni ya nyumba nzima. Baridi iliyonitesa mimi ndiyo iliyokuwa ikizitunza kompyuta za Eldoret.

Niliuliza gemu zinanunuliwa wapi, maana sikuona kasha wala diski. Wakanionyesha Steam, duka la mtandaoni la kampuni ya Valve ya Marekani. Kijana hutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa, akalipa, gemu ikaingia kwenye akaunti yake. Akicheza chini ya saa mbili na isimpendeze, anaweza kurudisha ndani ya siku 14 na kupata pesa zake. Wengi husubiri punguzo la mwisho wa mwaka. Na kwa kuwa intaneti ina gharama, mmoja hupakua mafaili makubwa, na mwenzake aliyekwisha kuinunua gemu hiyo huyavuta kutoka kompyuta ya jirani kwa waya wa hapo hapo saibani.

Masharti ya uchaguzi wao yalikuwa machache na makali. Gemu iwe ya mwaka ule na ichezeke kwenye kompyuta. Anayeitetea aonyeshe saa alizoicheza, kwa sababu Steam huzihesabu na haidanganyiki. Kura ni punje tatu za mahindi kwa kila mtu. Ukitaka unazitia zote kikombe kimoja, ukitaka unazigawa.

Gemu iliyozungumzwa zaidi ilikuwa Black Myth: Wukong, ya kampuni ya Game Science ya China, iliyotoka tarehe 20 Agosti. Imejengwa juu ya Safari ya Magharibi, hadithi ya karne ya 16 inayomsimulia mfalme wa nyani, na ndani ya siku tatu iliuza nakala milioni 10. Nilimtazama kijana mmoja akipigana na jitu msituni, majani yakipeperuka, manyoya ya nyani yakilowa, nikasahau kwamba nimesimama. Lakini gemu hiyo inadai nafasi ya GB 130 kwenye diski na RAM ya GB 16. Kompyuta mbili tu mle ndani ziliimudu, na foleni ya kuzisubiri ilifika mlangoni.

Jioni wakaniketisha mimi. Wakanipa pedi ya kuchezea, wakafungua Tales of Kenzera: Zau, na kwenye mipangilio wakachagua sauti za Kiswahili. Sijui niieleze vipi furaha ile. Gemu hii ilitoka tarehe 23 Aprili 2024, na mwenye kuibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyewahi kuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliitunga baada ya kufiwa na baba yake. Ndani yake kijana Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie baba. Naye amebeba vinyago viwili alivyorithi, cha jua na cha mwezi. Ukivaa cha jua unapigana kwa karibu, kwa moto. Ukivaa cha mwezi unarusha mapigo kutoka mbali. Vidole vyangu vilikuwa vizito na Zau alianguka shimoni mara nyingi, lakini kila mtu alipozungumza nilielewa kabla macho hayajafika kwenye maandishi. Watoto wetu wamekulia kwenye gemu ambazo mashujaa wake huongea Kiingereza au Kijapani. Nilimtazama mtoto wa kaka yangu akitabasamu gizani, nikajua kwa nini alinitaka nije.

Usiku huo hatukulala. Tuzo za The Game Awards zilikuwa zinatolewa Los Angeles, na kwa saa za kwetu zinaanza kiasi cha saa kumi alfajiri. Tulikusanyika Kapsoya, nyumbani kwa rafiki yao mmoja, ambaye mama yake alitupa chai ya maziwa, na kwa aliyetaka, mursik kutoka kwenye kibuyu. Maziwa yake ni ya kijivu kwa sababu ya mkaa wa mti unaosuguliwa ndani ya kibuyu, machachu, na yana harufu ya moshi. Bilauri ya kwanza niliinywa kwa adabu, ya pili kwa kuipenda.

Tulipokuwa tukisubiri, mama yule alimwona binti mmoja akicheza Balatro kwenye laptop ya zamani, akaona karata, akauliza bila kuzunguka: "Hii si kamari?" Nami nilikuwa na swali hilo hilo moyoni, kwa dini yangu na kwa jinsi kubashiri kulivyokula vijana Kenya nzima. Binti akamwonyesha: hakuna pesa ya kuweka wala ya kutoa. Unapanga mikono ya poka kupata pointi, basi. Fikirini karata za barazani kwetu, halafu kila raundi aingie mzee mwenye sheria mpya inayopindua hesabu zote. Wazee hao kwenye Balatro ni karata za Joker, na ufundi ni kujua yupi akae na yupi. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja wa Canada anayejiita LocalThunk, na ameandika katika wasia wake kwamba gemu hiyo isiuzwe kamwe kwa kampuni ya kamari. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti, akaomba afundishwe.

Adhana iliponiita nilisali chumba cha pili, nikarudi kwenye skrini. Balatro ilichukua tuzo tatu. Wukong ikapata ya gemu bora ya "action" na ile inayopigiwa kura na wachezaji. Kumekucha kabisa ndipo tuzo kuu ikatangazwa: Astro Bot. Chumba kilinyamaza. Astro Bot ilitengenezwa kwa PlayStation 5 peke yake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuigusa. Wakanieleza kwamba asilimia 90 ya kura hizo ni za waandishi na vyombo vya habari, na 10 tu ni za watu wote. Hawakukasirika. Walisema tu, "Shangazi, sasa kesho ni zamu yetu."

Jumamosi vikombe vilipangwa juu ya meza ya saiba, kila kimoja na jina la gemu. Mtetezi wa Wukong alisimama kwanza, akasema China imechukua hadithi ambayo bibi zao waliwasimulia na dunia nzima ikainunua. Kwa hiyo nasi tusizionee haya za kwetu. Mtetezi wa Zau akamjibu kwamba kwa hoja hiyo hiyo kura ije kwake, kwa kuwa hadithi ya kwetu imekwisha kuletwa, na kwa lugha yetu. Palipigwa makofi. Kisha akasimama binti wa Balatro, akafungua laptop yake isiyo na kadi ya grafiki, skrini ina ufa pembeni, akaonyesha saa alizocheza. Zilikuwa nyingi kuliko za wote. "Gemu hii ina MB 150," akasema. "Sijawahi kuomba kompyuta ya mtu ili niicheze. Hata mama wa Kapsoya ameicheza. Nyie mnachagua gemu mliyoitazama, mimi nachagua niliyoishi nayo."

Nami nilipewa punje zangu. Zote nilizitia kikombe cha Zau, na hadi leo sina majuto. Hesabu ilipofanywa mezani, punje moja moja, Balatro ilishinda, Zau ikaifuata kwa karibu, Wukong ikawa ya tatu. Aliyekuwa akiitetea Wukong ndiye wa kwanza kumpa binti mkono.

Tarehe 31 Desemba, nikiwa nimekwisha kurudi Mombasa, watumiaji wa Steam duniani waliitangaza Wukong gemu ya mwaka. Yaani Los Angeles walichagua yao, mamilioni ya Steam wakachagua yao, na Eldoret ikachagua yake, na naamini ya Eldoret ndiyo iliyopimwa kwa haki kuliko zote. Waliopiga kura walikuwa wamecheza, wamesikilizana, na wamejua nani ana mashine gani. Sifa za mbali walizisikia, hawakuzikataa, lakini hawakuziachia ziamue kwa niaba yao.

Nimewaambia vijana wa mtaani kwetu: Desemba ijayo tukutane usiku, joto likipungua, kila mtu na gemu aliyoicheza mwenyewe na sababu zake mdomoni. Mtoto wa kaka yangu ameahidi kuja kusimamia hesabu. Mahindi ataleta yeye.